Siku tatu, fomu moja na kura 60

Swali lenu la wiki: "Kwa nini Marekani haina sheria za bunduki, hata baada ya watoto kuuawa shuleni?" Nianze kwa kulipinga. Sheria zipo, tena tangu 1934, Washington ilipoanza kutoza kodi ya dola 200 kwa kila bunduki ya rashasha. Kinachogombaniwa ni mianya iliyomo ndani ya sheria hizo, na wanasiasa wa pande zote wanaijua kwa majina.

Chukueni bastola moja dukani. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21; bunduki ndefu, ikiwamo AR-15, ile inayofanana na ya kijeshi, ni miaka 18. Mnunuzi hutoa kitambulisho chenye picha na kujaza fomu namba 4473. Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka mmoja? Kwa kumpiga mwenzi wako? Unatumia bangi? (Jimbo lako kuihalalisha hakukusaidii hapa.) Kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai: Hunter Biden, mtoto wa rais wa wakati huo, Joe Biden, alitiwa hatiani kwa kosa hilo Juni 2024, kisha baba yake akamsamehe Desemba. Na kwa ndugu zetu walioko Minnesota au Ohio: mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaweza kununua, ila aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hawezi, isipokuwa kwa vibali vichache kama leseni ya uwindaji.

Muuzaji kisha huwasiliana na mfumo wa ukaguzi wa FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, ulioanza kazi Novemba 1998. Katika baadhi ya majimbo hupitia polisi wa jimbo. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Mara nyingi huchukua dakika chache tu. Balaa liko kwenye "subiri". Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Aliyeua watu 9 katika kanisa la Emanuel, Charleston, Juni 2015, aliipata bastola yake namna hiyo. Rekodi yake ya kukamatwa na dawa za kulevya ilitosha kumzuia, lakini mkaguzi aliulizia kwenye ofisi ambayo haikuwa na jalada lile, na siku zikaisha.

Mfumo nao hauoni ambacho hakikuingizwa. Huko Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, muuaji aliyeshambulia kanisa alikuwa ameshahukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi la Anga halikuipeleka hukumu hiyo FBI. Wakafa watu 26.

Halafu kuna mauzo ya mtu na mtu. Asiye mfanyabiashara wa silaha akimuuzia mkazi mwenzake wa jimbo moja, sheria ya shirikisho haidai ukaguzi wowote. California na New York zimeziba tundu hilo kwa sheria zao, Texas haijaziba.

Wapinzani wa udhibiti husema mhalifu hajazi fomu. Ni kweli kwa sehemu: humtuma mtu mwenye rekodi safi amnunulie. Ndiyo maana sheria ya 2022 ilikuja na adhabu ya hadi miaka 15 kwa anayenunua kwa niaba ya asiyeruhusiwa. Hofu yao nyingine ni daftari la kitaifa la wamiliki, lililopigwa marufuku mwaka 1986. Matokeo yake, bastola ikiokotwa penye mauaji, kituo cha ufuatiliaji cha Martinsburg, West Virginia, huanza kwa kumpigia simu mtengenezaji, kisha msambazaji, kisha duka. Duka likiwa limefunga biashara, wafanyakazi wa kituo hicho hupekua picha za makaratasi yake, kwa sababu hawaruhusiwi kutafuta kwa jina la mnunuzi.

Kupiga marufuku bastola kabisa? Hilo sahauni. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa nayo nyumbani. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba kila sheria ya silaha lazima ifanane na desturi za kihistoria za nchi. Hata hivyo, mwaka 2024, majaji 8 dhidi ya 1 walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha.

Ukaguzi wa dukani pia haugusi silaha ambazo tayari zimo nyumbani, na hapo ndipo penye vifo vingi. Kati ya vifo takriban 46,700 vya risasi mwaka 2023, zaidi ya nusu vilikuwa vya watu kujiua. Majimbo zaidi ya 20 yana sheria inayomruhusu jaji kumwondolea silaha kwa muda mtu aliye hatarini. Kwa maoni yangu, kelele za AR-15 zimeifunika sana habari hiyo.

Kwa nini basi mianya haizibwi? Hesabu ya Seneti. Kufunga mjadala kunataka kura 60 kati ya 100, na Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 ina maseneta wawili sawa na California. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, pendekezo la kukagua mauzo ya kwenye maonyesho na mtandaoni lilipata kura 54 dhidi ya 46, likaanguka. Machi 2021 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kurefusha zile siku tatu hadi angalau 10. Seneti haikuupigia kura. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya shuleni huko Uvalde, Texas, muda wa hadi siku 10 ulikubaliwa, lakini kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21 pekee.