Nimemkimbilia Mungu, mbona hofu haijaondoka?

SWALI: Bwana asifiwe, Mama. Mume wangu aliachishwa kazi, na kabla hatujakaa sawa akapata kiharusi. Namgeuza kitandani, namlisha, na simu za wanaotudai nazipokea mimi. Nimefunga, nimeomba, lakini nikisema amina hofu iko palepale. Mwenzangu wa kikundi cha maombi ameniambia kulia kwangu ni kukosa imani. Kumkimbilia Mungu ni kufanya nini hasa?
Mke aliyechoka

JIBU: Amina, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa neno hilo uliloambiwa.

Nianze na machozi, maana yananiuma. Waebrania 5:7 inasema Bwana Yesu aliomba pamoja na kulia sana na machozi. Kule Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, kisha akaomba mara tatu, maneno yaleyale. Anayekukataza kulia anakukataza jambo ambalo Bwana wako alilifanya.

Sasa swali lako. Mungu aliwaamuru Israeli watenge miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia humo. Soma Yoshua 20: alisimama langoni, akawaeleza wazee habari zake, nao wakampa mahali pa kukaa. Shida yake ilikuwa haijaisha. Mwenye kulipiza kisasi bado alikuwa nje, na mkimbizi hakurudi kwao mpaka kuhani mkuu afe, hata ikichukua miaka. Lakini mle ndani alikula, akalala, akaishi. Wewe umekuwa ukijipima: hofu ikiwepo, basi sijafika kwa Mungu. Binti yangu, yule mkimbizi alikuwa amefika tangu siku alipopokelewa langoni, na hofu yake pengine aliingia nayo.

Ona pia alichofanya pale langoni: alieleza habari zake. Zaburi 62:8 inasema, “Ifunueni mioyo yenu mbele zake, Mungu ndiye kimbilio letu.” Basi funua. Taja madeni moja moja, ni ya nani na ni kiasi gani. Mwambie mgongo unauma kwa kumgeuza mgonjwa. Na kama kuna usiku unamkasirikia mumeo kwa kuugua, halafu unajichukia kwa hasira hiyo, mwambie na hilo. Nilipokuwa namuuguza mama yangu, zaburi za shangwe zilinishinda kabisa. Niliyoweza kuisoma ni ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari wa shukrani mwishoni. Imo katika Biblia kwa ajili ya watu kama sisi. Isome kwa sauti siku ukikosa maneno yako.

Jambo la mwisho, na hili wengi wetu tunalikwepa kwa aibu. Mkimbizi alipewa mahali na wazee, watu wenye majina na nyumba. Daudi alipojificha katika pango la Adulamu, walimwendea wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, wapata watu 400, wakakaa pamoja. Usimwachie Mungu kazi ambayo ameshawapa watu wake waifanye. Nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, useme waziwazi: nahitaji mtu akae na mume wangu siku fulani, saa fulani, nilale. Ombi la jumla watu huliitikia kwa “tutakuombea”. Ombi lenye siku na saa humfanya mtu aangalie ratiba yake. Wanaokudai nao wapigie wewe kwanza, uwaeleze hali ya nyumbani na kiasi unachoweza kutoa, na umwombe mtu mmoja akae kando yako unapopiga. Kama yule mwenzako wa maombi yuko tayari kuja kumgeuza mgonjwa pamoja nawe, mkaribishe.