Tafuta wenzako kwenye benchi la kliniki

Mwanangu,

Mbukwa, nakusalimu Kigogo chetu. Unasema tangu mwezi wa tatu, ulipoambiwa una kisukari aina ya pili, ulianza vizuri, ila sasa umechoka. Nyumbani wanakuchunga sahani, kazini unameza dawa kwa kujificha. Unauliza utampata wapi mtu anayeelewa, na ari ya kuendelea utaitoa wapi.

Anza na benchi la kliniki. Wagonjwa wa kisukari huwahi asubuhi, wengi hawajala kwa sababu ya kipimo, kisha wanakaa muda mrefu wakisubiri kuitwa. Iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, siku hiyo simu ibaki mfukoni. Msalimie jirani yako, umuulize anakaa mtaa gani. Mtaa kwanza, sukari baadaye: akikaa Kisasa na wewe Nkuhungu, mtaishia kuahidiana tu. Nesi naye hawezi kukupa namba ya simu ya mgonjwa mwingine, lakini ukimwachia yako na kumruhusu, atampa mtu wa mtaani kwenu anayetafuta mwenzake kama wewe.

Mkifika sita mnatosha kuwa kikundi, na msizidi kumi. Kutaneni kila wiki mbili, saa moja, mahali pasipo na gharama.

Nikuambie mapema kinachoua vikundi hivi: namba za kipimo cha sukari, zile za mmol/L. Mwenye 6 anatamba, mwenye 14 ananyamaza, mkutano unaofuata haji, na huyo ndiye aliyewahitaji kuliko wote. Tena sukari hupandishwa pia na homa, usingizi mbovu, mawazo, hata baadhi ya dawa za magonjwa mengine, kwa hiyo namba kubwa si ushahidi wa ulafi. Ulizaneni mambo ambayo mtu ameyafanya kwa mikono yake: dawa umemeza siku ngapi kati ya 7? Umetembea mara ngapi? Miguu umeikagua? Namba ibaki kwenye daftari lake na kwa daktari wake, labda aitaje mwenyewe kwa hiari.

Cha pili ni dawa. Hakosekani mtu wa kuleta unga wa majani akisema umemponya. Wekeni sharti siku ya kwanza kabisa: hakuna kuuziana, hakuna kupangiana dozi. Dawa za kisukari hazifanani: glibenklamidi inaweza kushusha sukari hadi mtu aanguke akiruka mlo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Yenyewe husumbua tumbo, hasa wiki za mwanzo, ndiyo maana humezwa na chakula. Kuiga dozi ya mwenzako ni hatari.

Kila mmoja wenu ajue la kufanya sukari ikishuka. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo. Mpimeni. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, msubiri dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado, arudie. Ikishapanda, ale chakula. Asiyejitambua msimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Stripu, vile vipande vya kuwekea damu kwenye mashine ya kupima sukari, ndizo zinazomaliza pesa, na hapo kikundi kinasaidia kweli. Chezeni mchezo kama wa mtaani: kila mtu atoe kiasi kilekile, na kila zamu mmoja apate kopo lake zima la stripu. Msigawane stripu mojamoja. Zikitoka kwenye kopo lake, unyevu na vumbi letu la Dodoma vinaziharibu, na joto la dashibodi ya gari pia, kisha zinatoa majibu ya uongo. Sindano ya kutobolea kidole, pamoja na kalamu yake, kila mtu na yake, kwa sababu ya homa ya ini na virusi vingine vya damu. Na msimu wa zabibu mkumbushane kunawa. Mtu ametoka kuchuma kichala, vidole vinanata, anapima anaona 15 na moyo unamlipuka. Akinawa kwa maji, akakausha vizuri, akapima upya, inaweza kuwa 8.

Kuhusu ari, mwanangu, usiisubiri ije yenyewe. Mtafute mmoja katika hao awe wako wa kutembea naye, saa 11 na nusu jioni, jua limepoa, dakika 30, siku 5 kwa wiki. Siku ambayo hamna hamu, mkubaliane dakika 10 tu. Mtu akikusubiri barabarani, ni vigumu kubaki ndani. Vaeni viatu vya kufunika, ndala hapana. Kisukari kikikaa hufanya miguu ife ganzi, na mbigili ikipenya kwenye soli mtu anatembea nayo siku mbili bila habari. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na usiku tazama katikati ya vidole.

Wa nyumbani wape kazi, wataacha kukuchunga. Waambie mlenda na mboga nyingine zijaze nusu ya sahani yako, ugali robo, maharage au samaki robo. Wa uwele au wa mtama ni ugali vilevile. Wanga ni wanga.

Ikipita wiki 2 hufurahii chochote, usingizi umekata, unaona dawa hazina maana, mwambie daktari waziwazi. Huenda ni sonona, nayo ina matibabu. Kikundi peke yake hakiwezi kuibeba.

Kliniki yako ni Alhamisi. Nenda na kalamu, na ukimpata wa kwanza, niambie anakaa mtaa gani.

Mama yako