Kabla hujafunga amplifaya, soma omu

Wewe unayeanza ufundi wa muziki wa magari, zile namba kubwa za kwenye boksi zisikubabaishe. "Wati 1000" mara nyingi ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili muda wote. Isipoandikwa, chungulia fyuzi ya amplifaya. Fyuzi ya ampea 30 kwenye umeme wa volti 13.8 ni wati 414, na amplifaya ya daraja AB (aina moja ya saketi) hupoteza sehemu kubwa ya hizo kwa joto. Sasa hiyo elfu moja itatoka wapi?

Ukimaliza wati, njoo kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Spika nyingi za milangoni ni omu 4. Sabufa (spika ya besi) ya koili mbili, yaani waya uliosokotwa ndani ya spika, za omu 4 kila moja, ukiiunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, inakuwa omu 2. Ukiiunga kwa mfuatano inakuwa 8. Omu zikishuka, amplifaya hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Amplifaya nyingi za chaneli nne (njia nne za kutoa sauti), ukiunga chaneli mbili zilishe spika moja, hazitaki chini ya omu 4. Hapo ndipo vifaa vya watu huungua. Pima koili kwa mita ya umeme kwanza, na ile ya omu 4 ikisoma 3.5 usishtuke, ni kawaida.

Wengi huogopa amplifaya kubwa. Mimi naogopa zaidi ndogo inayolazimishwa. Ikizidiwa hukata vilele vya mawimbi ya sauti, koili zinachemka, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo hutangulia kufa. Chukua yenye RMS sawa na ya spika au zaidi kidogo, kisha geni, ile skrubu ya amplifaya ya kuilinganisha na nguvu ya mawimbi ya redio, uiweke kwa mita, maana si kitufe cha sauti. Kwa sabufa ya wati 100 na omu 4: zidisha upate 400, kipeuo chake cha pili ni 20, ndizo volti unazozitafuta. Chomoa spika, weka besi na trebo sifuri, redio robo tatu, cheza toni ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), panda taratibu mpaka mita isome volti 20 za AC. Ishia hapo, hata mwenye gari akikubembeleza.

Spika za milangoni zikate sauti za chini ya hezi 80, besi ya chini iachie sabufa. Na ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, anza na waya wa hasi: kwangua rangi mpaka chuma cha bodi kionekane, na waya wenyewe uwe mfupi, unene sawa na wa chanya.