Ukitaka kunyanyua tairi la mbele, anza na breki ya mguu

Vijana wanaonifuata wakitaka niwafundishe kunyanyua tairi la mbele huanza na swali moja: nivute resi kiasi gani ndipo pikipiki inyanyuke? Nami nawauliza: mguu wako wa kulia uko wapi? Mara nyingi umejikalia kwenye kikanyagio, vidole viko mbali na pedeli ya breki. Hapo hatuendi hatua ya pili mpaka mguu ule ujue kazi yake.

Resi inapandisha, breki ya nyuma inashusha. Pikipiki ikiwa imesimama kwa tairi la nyuma, ukilizuia kidogo tairi hilo, la mbele linarudi chini papo hapo. Kuna pembe fulani, mahali pa mizani, ambapo uzito wako na wa pikipiki unakaa sawasawa juu ya tairi la nyuma. Kabla ya kufika hapo, ukikata resi unashuka. Ukishapita, kukata resi kunasaidia kidogo sana, na kinachobaki kukuokoa na kuangukia mgongo ni breki ya mguu. Breki ya mkono ya mbele haina kazi yoyote tairi likiwa hewani, na ni hatari zaidi unaposhuka: ukiwa bado umeishika, tairi linagusa ardhi likiwa limekabwa, unateleza na kuanguka.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halina kunyanyua chochote. Weka gia namba moja, tembea mwendo wa mtu anayekimbia polepole, macho mbele, na uwe unagusa breki ya mguu taratibu huku resi ukiwa bado umeivuta kidogo. Rudia mpaka mguu uguse bila wewe kuufikiria. Bodaboda zetu nyingi, Boxer na TVS HLX zikiwemo, hutumia breki shuu kwenye gurudumu la nyuma, na vumbi la Dodoma huingia humo. Fundi azifungue, azisafishe, azirekebishe zishike mapema, kisha apange urefu wa pedeli ili vidole vyako viifikie bila kunyanyua mguu. Kazi hiyo haichukui muda, na mimi naiona ni muhimu kuliko kitu kingine chochote utakachofanya kwenye pikipiki hiyo.

Sasa mahali. Nasema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu nawaona vijana wakifanyia mchezo huu kwenye lami za Iyumbu na barabara za kuelekea Mji wa Serikali kule Mtumba, eti kwa sababu zimenyooka na jioni hazina magari mengi. Barabara hizo zina watu wanaovuka kwa miguu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), akina mama wenye ndoo kichwani. Ukiwa umenyanyuka, tairi na taa vinakuzuia kuona kilicho mbele yako. Usukani nao hauna kazi, maana tairi la mbele haligusi chini. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, inavutia kwa lami yake, lakini imejengwa ili malori yasipite katikati ya jiji. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Na sheria iko wazi: Sheria ya Usalama Barabarani, namba 30 ya mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu, inamwadhibu anayeendesha chombo kwa hatari barabarani. Trafiki akikukamata huna cha kumweleza.

Mimi nilijifunzia kwenye kiwanja cha udongo mgumu upande wa Nala, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Tafuta kama hicho: udongo ulioshikana, usio na kokoto wala mchanga wa kuteleza, wenye mwinuko mdogo unaopanda mbele yako. Mwinuko huo unakusaidia sana, kwani pikipiki inanyanyuka kwa resi ndogo na ukishuka mwendo unapungua wenyewe. Pasiwe na mbuyu, nguzo wala shimo karibu. Kagua kwa miguu kwanza, maana mbuzi na ng'ombe hupita popote na kuacha njia zao zenye mabonde. Nenda asubuhi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wetu wa mchana una nguvu, na pikipiki iliyosimama ina kifua kipana cha kupokea upepo. Ukija wa pembeni unakuyumbisha, ukija wa mbele unakusukuma nyuma wakati hujajiandaa. Na uende na mtu mzima mwenye simu yenye chaji na pikipiki nyingine ya kukubeba.

Kuhusu pikipiki yenyewe, nina msimamo ambao sitaulegeza: usijifunzie kwenye pikipiki ya mkataba. Kama bado unampelekea bosi hesabu kila siku, chombo hicho kinalisha nyumba mbili, yako na yake. Kikivunjika shingo Jumapili, Jumatatu hesabu inadaiwa palepale. Subiri mkataba uishe, au mnunue ya zamani kwa kuchanga watu watatu, wanne, mkaitumia kwa mazoezi tu. Ya zamani haina ubaya ikiwa cheni, spoketi, breki na waya wa klachi viko sawa. Toa kerieri na saiti mira, na upepo wa tairi la nyuma uwe wa kawaida, usijaze ukawa mgumu.

Mwili nao uvalishwe. Helmeti inayofunika kidevu, siyo ile ya nusu ambayo abiria anapewa. Glavu, buti zinazofunika kifundo cha mguu, jaketi nene, pedi za magoti na viwiko. Kwenye mitumba ya Sabasaba nimeona majaketi ya ngozi na buti nzuri kwa bei ambayo kijana wa kijiweni anaiweza. Helmeti nunua mpya.

Pikipiki ya cc 150 haina nguvu ya kunyanyuka kwa resi peke yake kama zile kubwa za kwenye video. Na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyonayo pale Dar es Salaam, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndiyo maana mtu wa pwani anakwambia inanyanyuka kirahisi, nawe ukijaribu hapa inakataa, halafu unaongeza resi kwa hasira. Usiongeze. Tumia klachi na shokapu.

Kaa nyuma kidogo ya kiti, mikono imenyooka bila kukakamaa, vidole viwili kwenye klachi, mguu wa kulia juu ya breki. Tembea polepole kwa gia namba moja. Sukuma usukani chini kwa mikono ili shokapu za mbele zibonyee. Zinapoanza kurudi juu, vuta klachi kidogo, ongeza resi kiasi, na uiachie klachi haraka lakini usiitupe. Mambo haya matatu, shokapu, resi na klachi, yakikutana, tairi la mbele linaondoka chini. Usivute usukani kwa mikono. Anayevuta kwa mikono hunyanyua upande mmoja na pikipiki inapinda.

Mwanzoni ridhika na kimo cha kiganja kimoja, kisha gusa breki ushuke. Panda kidogo, gusa, shuka, hata kama unaona ungeweza kuendelea. Unataka mwili uzoee kwamba kila kupanda kunamalizwa na mguu. Unaposhuka, tairi la mbele liwe limenyooka, na uache resi kidogo ili litue taratibu. Ukiikata yote ghafla linapiga chini kwa kishindo, na seal za shokapu zinaanza kuvuja.

Kitu kinachowaangusha wengi ni kifundo cha mkono wa kulia. Mwili ukivutwa nyuma, mkono unabaki umening'inia kwenye resi na kuizungusha zaidi bila wewe kukusudia. Pikipiki inapanda zaidi, unavutwa zaidi, resi inafunguka zaidi. Dawa yake ni namna unavyoshika tangu mwanzo: kiwiko kimeinuka kidogo, na unajishikilia kwa magoti yaliyobana tenki, siyo kwa mikono. Ukiona imepita mahali pa mizani na breki haijakuitikia, achia usukani, shusha miguu chini, simama nyuma yake uiache iende. Fanya mazoezi ya kuiacha pikipiki ikiwa imezimwa, mwenzako ameishikilia. Pikipiki inatengenezeka.

Usije ukambeba mtu nyuma. Uzito wake unasogeza mahali pa mizani karibu kabisa, na yeye hana breki.

Wapo watakaokwambia mtu halisi hutembea kilomita nyingi tairi likiwa juu. Ni kweli wapo. Doug Domokos wa Marekani alikwenda kilomita 233 hivi mwaka 1984, sawa na kutoka hapa mpaka karibu na Singida. Lakini alifanya hivyo Talladega, kwenye uwanja wa mbio uliofungwa, bila lori wala mtembea kwa miguu, akiwa na ujuzi wa miaka mingi. Mimi nikimwona kijana anayeweza kupanda mita tano na kushuka kwa mguu wake, taratibu, kila mara palepale alipokusudia, namheshimu kuliko anayekwenda mbali akiomba Mungu.

Ukisikia harufu ya pleti za klachi kuungua, zima, kaa kivulini mpaka injini ipoe. Gia namba mbili iache mpaka ya kwanza isiwe na mshtuko wowote.

Na kabla ya kuirudisha pikipiki barabarani, ipitishe kwa fundi. Kaza nati za ekseli, angalia spoki zilizolegea, pima oili, rekebisha cheni. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma, nawe ushike shokapu za mbele uzisukume mbele na nyuma. Ukihisi mlio au kucheza, bearing za shingo zimechoka, na hiyo haipakii abiria mpaka zibadilishwe.