Pumu ilinibana, nikapewa vidonge badala ya sindano

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 36 na pumu ninayo tangu utotoni. Juzi usiku ilinibana nikakimbizwa hospitali. Nilivutishwa dawa kwa mashine, kisha nikapewa prednisoloni za miligramu 5, nimeze nane kwa mkupuo kila siku kwa siku 5. Mara zote za nyuma nilichomwa haidrokotisoni. Leo ni siku ya tatu, napumua vizuri. Je, vidonge vina nguvu kama sindano? Niache, au nipunguze kidogo kidogo? Shangazi anasema dawa hizi zinavimbisha uso.

Jibu: Dada, maliza vidonge vyako. Kwa anayeweza kumeza na hatapiki, prednisoloni inatibu sawasawa na sindano. Piga hesabu: miligramu 5 za prednisoloni zinalingana na miligramu 20 za haidrokotisoni. Vidonge vyako vinane ni sawa na haidrokotisoni miligramu 160, na sindano moja ya miligramu 100 ni sawa na vidonge vitano tu. Sindano tunamwekea anayetapika au aliyezidiwa hadi kumeza hawezi. Najua wengi wasipochomwa huona hawajatibiwa, na sisi watoa huduma tumechangia kuwazoesha hivyo.

Cha kuangalia zaidi ni saa. Kilichokufungua kifua usiku ule ni salbutamoli, dawa uliyovutishwa kwa mashine, ambayo hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache. Steroidi, yaani prednisoloni au haidrokotisoni, hupunguza uvimbe na makohozi ndani ya njia hizo, na kazi yake huanza kuonekana baada ya saa 4 hivi au zaidi. Kwa hiyo tunataka mgonjwa aipate ndani ya saa ya kwanza tangu afike. Kumtafutia mtu mshipa nusu saa nzima wakati vidonge vipo kabatini ni kumcheleweshea dawa bure.

Nafuu ya siku ya tatu isikudanganye, uvimbe bado haujaisha. Ukiacha sasa pumu inaweza kukurudia ndani ya siku chache. Kwa mtu mzima dozi ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku 5 hadi 7.

Kupunguza taratibu huhitaji. Hilo ni la aliyetumia wiki kadhaa mfululizo, ambaye tezi zilizo juu ya figo zimeanza kuacha kutengeneza homoni yake.

Shangazi hajakosea, ila uso huvimba zaidi kwa wanaotumia muda mrefu. Wewe unaweza kukosa usingizi, kupata kiungulia, njaa au hasira za ghafla. Meza asubuhi baada ya chai. Mwenye kisukari apime sukari kila siku, maana itapanda.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni hayo maneno "mara zote za nyuma". Kozi fupi nazo hujumlishana mwilini: mifupa hudhoofika, mtoto wa jicho na kisukari husogea karibu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haushauri mtu mzima mwenye pumu kutegemea salbutamoli peke yake. Ukirudi kliniki uliza inhela (kifaa cha kuvutia dawa mdomoni) yenye steroidi, mfano beclometasoni. Dozi yake ni ya mikrogramu na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Mwombe mhudumu akutazame unavyoivuta, kisha sukutua mdomo kila ukimaliza.

Kabla ya hapo, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au salbutamoli ikakutuliza kwa muda usiofika saa 4, rudi hospitali hata kama ni usiku wa manane.