Damu ya mzee, maruni na magenta: je, ni rangi moja?

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Nashona sare za shule hapa Ngamiani, Tanga. Shule moja iliniagiza sketi na sweta za "damu ya mzee". Kitambaa cha sketi nilikinunua mwenyewe dukani, sweta nikaagiza kwa simu nikataja "maruni". Zilipofika, sweta zimeegemea kahawia, sketi zimeegemea zambarau. Kijana wa stesheneri akaniambia ningetaja "magenta". Je, haya ni majina matatu ya rangi moja? Na yametoka wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole kwa hasara. Si rangi moja. Na ungetaja magenta ungeletewa sweta za pinki kali, mzozo ukawa mkubwa zaidi.

Tuanze na la kwetu, maana ndilo ninalolipenda. Kiswahili huita rangi kwa kukuonyesha kitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni ile bizari iliyoko jikoni kwako. Damu ya mzee nayo ni hivyo hivyo. Si kwamba damu huiva kwa umri. Ya mzee na ya kijana zote ni nyekundu. Lakini tazama doa la damu kwenye shuka jeupe: likiwa bichi linang'aa, likikauka hewa inabadilisha chuma kilichomo ndani ya damu na wekundu unaingia giza, mpaka doa linakaribia kahawia. Sasa jiulize, damu ya mzee ni ile ya saa ya kwanza au ya kesho yake? Hapo ndipo mwenye duka la kitambaa na mwenye sweta walipoachana, na kila mmoja alikuwa mkweli.

Maruni limetoka Ufaransa, kwenye neno "marron", tunda fulani lenye ganda la kahawia iliyokolea. Waingereza walilichukua wakalisogeza kwenye wekundu. Wafaransa wenyewe hadi leo wakisema "marron" wanamaanisha kahawia. Kwa hiyo jina hilo limebeba kahawia tangu kuzaliwa, na sweta zako zimelifuata.

Magenta ni habari nyingine kabisa, kwa sababu halikutokana na tunda wala ua. Ni mji wa Italia, karibu na Milano, ambapo tarehe 4 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yaliwashinda Waaustria. Miaka mitatu kabla yake, kijana wa miaka 18 wa London, William Henry Perkin, alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata; chupani mwake likabaki tope jeusi, na alipolisafisha kwa spiriti likatoa zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Viwanda vikachangamka. Mwaka huo huo wa vita, Mfaransa François-Emmanuel Verguin akapata nyekundu yenye uzambarau, ikaitwa kwanza fuksini, kwa ua la fuksia, kisha ikauzwa kwa jina la ushindi uliokuwa midomoni mwa watu. Askari wengi walikufa pale, na jina la mahali walipofia likaishia kwenye magauni. Mimi kila nikifungua kopo la magenta hulikumbuka hilo.

Kijana wa stesheneri alisema kwa kazi yake. Printa ina wino wa rangi nne: sayani, magenta, njano na nyeusi. Magenta humeza mwanga wa kijani na kurudisha nyekundu na bluu; ukiipaka juu ya njano unapata nyekundu, ukiongeza nyeusi kidogo unaikaribia damu ya mzee. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Nyuzi hazichapwi na printa.

Kwa hiyo ukiagiza tena, jina litumie kwenye mazungumzo tu. Mzigo uagize kwa kipande cha kitambaa, upana wa vidole vinne, kitumwe kwa basi. Picha ya simu haifai, kila kioo kina mwanga wake. Kama kiwanda kinatumia vitabu vya namba za rangi kama Pantone, vilivyoanza 1963, andika namba. Na ukilinganisha, toka nje ya duka. Juzi nilishika vipande viwili vilivyofanana kama pacha chini ya taa ya tyubu; nilipovipeleka kivulini pa mwembe, kimoja kikageuka zambarau mkononi mwangu. Rangi zilizochanganywa kwa dawa tofauti hukubaliana kwenye mwanga mmoja na kukataana kwenye mwingine.

Hizo sweta usizichovye nyumbani. Nyingi za shule hufumwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo hazishiki rangi za pamba. Zinahitaji rangi za kundi lile lile la magenta ya mwanzo, tena kwenye maji yanayokaribia kuchemka, na sweta hulegea zikatoka hazina umbo. Nenda na sweta moja dukani, mchana, utafute kitambaa cha sketi kinachoifuata. Sketi ndizo rahisi kushona upya.