Kwa nini amri ileile ya npx hubadilika unapohama toleo la Node

Ndugu uliyeuliza kwa nini amri ileile ya npx (chombo cha kuleta na kuendesha vifurushi vya programu) inayoita chombo cha kujengea kurasa chenye webpack 4 (kiunganishi cha faili za JavaScript) ndani yake hupita kimya ukiwa na Node 14 (mtambo wa kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari), lakini ukihamia Node 20 huuliza swali kwanza kisha huanguka kwa kosa la ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED, hayo ni mambo mawili yasiyohusiana yaliyokupata kwa pamoja. Kila toleo la Node huja na npm yake (msimamizi wa vifurushi), na npx ni sehemu ya npm hiyo, kwa hiyo ulipohama ulibadilisha mtambo unaoendesha programu na pia chombo kinachoitafuta na kuileta. Miradi ninayoitunza iliandikwa katika nyakati tofauti, nami huhama kati ya matoleo kwa kutumia nvm (chombo cha kubadilisha matoleo ya Node), na kabla ya kugusa chochote huendesha `node -v`, `npm -v` na `which npx`. Jibu la tatu huwashangaza wengi, kwa sababu wakati mwingine npx inayoitwa inatoka kwenye folda ya mfumo wala si ya nvm.

Tuanze na swali unaloulizwa. npx iliingia katika npm 5.2 mwaka 2017, na hadi npm 6, ambayo ndiyo huja na Node 14, ilipakua kifurushi kisichokuwepo bila kukuomba ruhusa. npm 7, iliyotoka Oktoba 2020 na kuingia katika Node 15, iliandika npx upya juu ya `npm exec`, na tangu hapo huomba idhini kabla ya kupakua. Binafsi naona badiliko hilo lilichelewa, maana kosa la herufi moja katika jina la kifurushi linaweza kukuletea na kuendesha msimbo wa mtu usiyemjua. Katika skripti weka `--yes` ikiwa unakubali upakuaji, au `--no` ikiwa chombo kinapaswa kuwa tayari ndani ya mradi, na uviweke kabla ya jina la kifurushi, kwa kuwa kinachofuata baada ya jina hukabidhiwa kifurushi chenyewe. Usitegemee kuliona swali hilo kwenye mashine za ujenzi wa kiotomatiki, kwa sababu mahali pasipo na mtu wa kujibu npx huchukulia kwamba umekubali. Machaguo ya zamani kama `--ignore-existing` na `--node-arg` yaliondolewa kabisa.

Kuanguka kwenyewe hakutokani na npx. Kuanzia Node 17, Node hutumia OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche, ambayo imeitenga MD4 pamoja na mbinu nyingine zilizopitwa na wakati, ilhali webpack 4 huitumia MD4 hiyohiyo kutengeneza alama za faili. Tiba ya kweli ni kutumia toleo la chombo hicho linalotegemea toleo jipya la webpack 5. Wengi watakushauri uweke `NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider`, na ni kweli kwamba kazi itapita, lakini usiiandike katika faili la mipangilio ya terminali, kwa sababu ukirudi Node 14 mtambo utalikataa chaguo hilo na kila amri ya node, npm ikiwemo, itagoma kuanza. Iweke mbele ya amri moja tu inayoihitaji.

Mwenzetu aliyeongeza kwamba yeye alitoka Node 18 kwenda 20 na sasa analalamikiwa kuhusu NODE_MODULE_VERSION (namba inayoonyesha sehemu iliyokompailiwa inalingana na toleo gani la Node) ana tatizo la namna nyingine, tena lenye kuficha chanzo chake zaidi. Tangu npm 7, vifurushi vinavyoletwa na npx hubaki katika folda ya `_npx` ndani ya kache (hifadhi ya faili zilizopakuliwa) ya npm, na folda ndogo ya kila kifurushi hupewa jina linalotokana na jina na toleo ulivyoviandika katika amri, bila toleo la Node kuhesabiwa. nvm hutenganisha vifurushi vya jumla kwa kila toleo la Node, lakini kache hiyo huiacha ikitumiwa na matoleo yote. Kwa hiyo kifurushi chenye sehemu ya C++ iliyokompailiwa chini ya Node 18, yenye namba 108, huchukuliwa kilekile na Node 20 inayodai 115, nacho hukataliwa. Vifurushi vilivyojengwa juu ya Node-API, kiolesura kisichobadilika kati ya matoleo ya Node, huepuka janga hili, na ndiyo maana huonekana kwa baadhi ya vyombo tu. Kusakinisha Node upya hakusaidii chochote, kwa kuwa folda hiyo haiguswi. Tafuta mahali ilipo kwa `npm config get cache`, futa `_npx` peke yake, kisha rudia amri. Hutapoteza kitu, kwani vyote vitapakuliwa tena.

Kwa chombo mnachokitumia kila siku, ningekiandika katika `devDependencies` (orodha ya vyombo vya mradi ndani ya `package.json`) pamoja na toleo lake, na kuweka faili la `.nvmrc` (linaloitajia nvm toleo la Node) katika mradi, ili npx ikikute ndani bila kwenda kutafuta nje. Kama hitilafu itabaki baada ya hapo, leteni majibu ya zile amri tatu za mwanzo pamoja na mistari ya juu ya ujumbe wa kosa, kwa sababu mistari ya mwisho kwa kawaida ni ya npm ikisema tu kwamba amri imeshindwa.